Vikombe Viwili Barazani kwa Sheikh Sayhud

Mtutu ulikuwa kwenye paji la uso la Wijdan, msomaji wangu, na hapo ndipo tulipoachana Jumamosi iliyopita. Wiki nzima tumemwacha nesi wa watu kasimama juani mbele ya lango la mbunge, barua mkononi, na Hachim kamlenga. Haya, tumtoe.

Hachim hakupiga kelele. Mtu anayetaka kuua kweli hapigi kelele. Alisema tu, "Wanangu walikuwa wawili," akavuta.

Lakini Mama Sabah alimuwahi. Huyu ni mama mkwe wa Wijdan, mfagizi wa wodi ya vichanga miaka ishirini na miwili, mkono wake ni wa mtu aliyekamua madeki maisha yake yote. Chupa ya chai aliyoibeba ilimpata Hachim kwenye kiwiko. Bunduki ikayumba, ikalia.

Risasi ikapita kando ya sikio la Wijdan, ikaingia kwenye paja la Karrar, mlinzi wa lango.

Karrar alijitazama kama mtu aliyemwagiwa maji kwa bahati mbaya. Kisha damu ikaruka. Ikaruka tena, kwa mapigo, ikafika ukutani na kulilowesha bango la mbunge, lile la tabasamu.

Wijdan alikuwa ameshapiga magoti. Akachana suruali, akalitafuta tundu la risasi, akatia kidole gumba ndani mpaka akaugusa mfupa. Damu ikaacha kuruka.

"Ukitikisika unakufa," alimwambia Karrar. Karrar hakutikisika.

Na Hachim? Walinzi sita walimgeukia. Angekimbilia barabarani wangemfanya chujio. Hakukimbilia barabarani. Aliitupa bunduki, akapita katikati yao, akavuka lango, moja kwa moja mpaka kwenye baraza kubwa la matete la Sheikh Sayhud, mbunge mwenyewe, akaikumbatia nguzo ya kwanza kwa mikono miwili.

"Nimeingia kwako, Sheikh," akasema. "Mimi na damu yangu tumeingia kwako."

Pale Umm Gasab, kwenye vinamasi vya kusini, neno hilo lina nguvu kuliko hati ya mahakama. Aliyeshika nguzo ya baraza haguswi, hata kama amemwaga damu ya mwenye baraza. Luay, mtoto wa Sheikh, alikuwa ameshamwekea bastola kisogoni. Ikabidi abaki hivyo hivyo, anahema kama ng'ombe aliyefungwa.

Nje walinzi walimlaza Karrar kwenye zulia wamwingize kivulini. Mmoja akakumbuka kwamba mwanamke haingii barazani.

"Basi nitoe kidole?" Wijdan akauliza.

Wakatazamana. Karrar alikuwa mtoto wa dada yake Sheikh.

Kwa hiyo aliingia, kainama, kidole ndani ya paja la kijana, hatua kwa hatua pamoja na wabebaji. Siku arobaini alikuwa akiomba nafasi ya kumwona mbunge. Karani alimwambia kesho, akamwambia Jumapili, akamwambia Mheshimiwa yuko Baghdad. Barua tatu zilipotea. Kilichomfungulia mlango ni kidole gumba.

Mle ndani walikaa wazee kama thelathini, migongo kwenye matete, vilemba vyeusi kwa vyeupe. Ijumaa ilikuwa karamu ya uchaguzi, samaki mia sita wa kuchoma kwa ajili ya kabila zima, na wazee walikuwa wamekuja kuipanga. Sasa walinyanyua miguu yao damu isiwaguse.

Sheikh Sayhud alikaa mwisho kabisa, karibu na mabirika ya kahawa. Wijdan hakuwahi kumwona ana kwa ana. Kwenye mabango alitabasamu. Hapa hakutabasamu.

"Atakufa?" Sheikh akauliza.

"Akifungwa vizuri hafi."

"Basi mfunge vizuri."

Wijdan akavua shungi la juu, akalisokota, akalikaza juu ya jeraha kwa fimbo ya mmoja wa wazee mpaka Karrar akalia kwa sauti ya kitoto. Mama Sabah, aliyekuwa ameingia nyuma yao bila kuuliza, akapokea kazi. Alimkalia kijana mguu, kwa uzito wake wote, akamwambia atulie kama bwana harusi.

Mgawa kahawa alikuwa akizunguka na birika lake, maana kahawa ya baraza haikatizwi na risasi. Alipofika kwa Wijdan akasita.

"Mpe," Mama Sabah akamwambia. "Damu ya bwana wako imemjaa mpaka viwikoni, wewe unaona haya ya kikombe?"

Akampa. Wijdan alikipokea kwa mkono wa kulia. Akakitazama. Kisha akainama, akakiweka chini kwenye zulia, kimejaa.

Wazee wote wakakitazama kikombe.

Hakuna mtoto wa Umm Gasab asiyejua maana yake. Mgeni mwenye haja hanywi. Anakiweka kikombe chini, anasubiri mwenye nyumba amwambie: kunywa kahawa yako, haja yako imetimia. Na mwenye nyumba ambaye mgeni wake ameondoka akiacha kikombe kimejaa, habari zake humtangulia sokoni. Kura zake hupukutika. Binti zake huchelewa kuolewa.

Hapo ndipo Sheikh alipotabasamu, kama kwenye mabango.

"Binti yangu, haya ni mambo ya wanaume."

"Najua, Sheikh. Wanaume wa hospitali wamekimbia."

Mzee mmoja akakohoa ili asicheke. Sheikh akamwambia Wijdan aseme haja yake.

Wijdan akasema. Barua ile aliiandika mwenyewe kwenye darasa lake la jioni, akainakili mara saba mpaka mwalimu akaacha kuipiga mistari myekundu. Haikuomba makubwa. Iliomba mtambo mmoja wa oksijeni kwa hospitali ya Umm Gasab, uingizwe kwenye bajeti, watoto njiti wasitegemee mitungi inayosafirishwa mwendo wa saa tatu kutoka mjini. Kamati ya fedha ya mkoa ilikaa chini ya Sheikh Sayhud. Saini yake na muhuri wake, basi.

Alikuwa hajamaliza. Upande wa pili, chini ya nguzo, ukasikika mlio mdogo wa udongo kugusa mkeka.

Hachim naye, aliyegawiwa kahawa pale pale nguzoni, alikuwa amekiweka chini kikombe chake.

"Mimi pia mgeni," akasema. "Mimi pia nina haja. Namtaka huyu mwanamke."

Wasiokuwapo mwanzo nawakumbusha. Wiki mbili nyuma, pacha wa Hachim walifia mikononi mwa Wijdan. Walikuwa na siku nne, hata majina hawajapewa. Oksijeni ilikwisha. Wijdan aliwapulizia hewa kwa mipira ya kuminya kwa mkono, mmoja kulia, mmoja kushoto, saa tatu mfululizo, mpaka vidole vikafa ganzi. Wa kwanza aliondoka kabla ya adhuhuri. Wa pili alimfuata mwenzake. Kesho yake ukuta wa hospitali na ukuta wa nyumba ya Wijdan zilikuwa zimeandikwa kwa rangi nyeusi: ANATAKIWA KWA DAMU. Daktari alikimbilia Baghdad siku hiyohiyo. Walinzi wa hospitali wakafuata, baada ya Hachim kumvunja mmoja taya. Akabaki Wijdan, mkwewe, na nesi mdogo anayeitwa Rusul.

Sheikh Sayhud alivitazama vikombe viwili. Mwanasiasa ni mwanasiasa, jamani. Wijdan aliliona jicho lake likipima. Akimpa Hachim haja yake, nani atauliza tena habari ya barua?

"Mfiwa ana haki ya kutangulia," Sheikh akaanza polepole. "Watoto wawili wa kiume si jambo dogo."

"Mpe tu, baba," Luay akasema. Bastola alikuwa bado nayo mkononi, baraza la baba yake bwana, nani amwambie aiweke nje. "Mpe, watu warudi kwenye mambo ya Ijumaa."

Mama Sabah akataka kuinuka. Karrar akapiga ukelele, ikabidi mama akae tena.

Hapo simu ikatetema kifuani mwa Wijdan. Akaitoa bila kuomba ruhusa. Ilikuwa Rusul, anasema huku analia. Mtungi wa mwisho, mshale umeingia kwenye nyekundu. Vichanga vinne. Magharibi hawafiki.

Nyuma ya sauti ya Rusul kuna mtoto alilia, kilio chembamba kama cha paka. Maziwa ya Wijdan yakatoka yenyewe. Nyumbani alikuwa na binti wa miezi saba, Rihab, na ziwa la mama halichagui mtoto wa nani analia. Akajifunika kwa baibui, akamgeukia Hachim. Hakumwomba msamaha. Alimweleza, kama anavyoelezwa mtu aliyekuwa na haki ya kuelezwa siku ile na hakuelezwa.

"Asubuhi ile tulikuwa na mitungi kumi na miwili," akasema. "Ikaja karatasi ya ofisi, ikachukuliwa kumi na mmoja. Tukaachiwa mmoja, na watoto watano. Mitungi yetu naijua hata gizani. Kila mmoja nimeuchora kwa rangi ya kucha, nyekundu, kifaranga. Maana wodi ya upasuaji ni wezi."

"Wezi wakubwa," Mama Sabah akathibitisha.

Wazee wawili watatu wakacheka chini chini. Hachim hakucheka. Mikono yake iliiachia nguzo.

"Hicho kifaranga," akasema, "kina jicho moja?"

"Jicho moja. Brashi ya kucha ni nene, la pili halienei."

Hachim akawa anatazama viganja vyake. Watu wakadhani anatafuta kidonda.

"Niliichukua mimi," akasema.

Hakuna aliyeelewa. Basi akaeleza, akiwa bado anavitazama viganja. Yeye ni dereva wa lori la samaki la Sheikh. Asubuhi ile Luay alimpa karatasi, akamwambia kuna mitungi isiyo na kazi hospitali, ailete mabwawani, samaki wa karamu wanakufa kwa joto. Alipakia uani, nyuma ya wodi. Dirisha la wanawe lilikuwa juu ya kichwa chake. Alitaka kupanda awaone. Luay akampigia simu, samaki kwanza. Akaondoka. Kila Jumatatu tangu hapo huipeleka kujazwa, kwa jina la hospitali, na kuirudisha mabwawani. Habari ya msiba ilimkuta anasukuma mpira wa hewa ndani ya maji.

"Nilidhani kile kifaranga ni chapa ya kiwanda," akasema.

Kisha akaruka.

Alimfikia Luay kabla mtu hajapumua. Kichwa chake kilimpata mtoto wa Sheikh puani, mfupa ukalia kama kijiti. Wakaanguka juu ya mabirika, kahawa ya moto ikamwagika, moshi wa majivu ukajaa. Hachim alimkaba, akambamiza kisogo kwenye ukingo wa meko, mara moja, mara mbili. Luay akanyoosha mkono, akaipata bastola yake, akampiga Hachim mdomoni kwa kitako chake. Meno yakaruka kwenye zulia. Akampiga tena. Akampiga tena, Hachim akiwa ameshalala.

"Basi."

Sheikh Sayhud alikuwa amesimama. Alimpiga mwanawe kofi moja ambalo lilimpeleka mpaka mlangoni.

"Umempiga mtu aliyeshika nguzo yangu," akasema. "Ndani ya nyumba yangu. Toka."

Luay alitoka, pua kaikamata, damu inapita kati ya vidole. Wakasikia mlango wa gari lake jeupe ukifungwa, na honi yake ile laini, ya gari la bei, ikimfukuza mtu njiani.

Lakini aibu ilikuwa imeshaingia. Mzee aliyekohoa mwanzo alikuwa ameanza kuvuta viatu vyake. Wa pili akavuta vyake. Wazee wakiondoka, Ijumaa haipo. Ijumaa isipokuwapo, ubunge haupo. Sheikh akaketi haraka, akageukia kwa Wijdan, sauti imekuwa asali.

"Binti yangu. Kikombe kimoja, haja moja. Ndivyo tulivyorithi. Chagua: nisaini barua, au nitoe mitungi."

Ona alivyo mjanja. Ukimpa mwenye njaa achague kati ya chakula cha leo na shamba la kesho, mwenye lawama ni nani baadaye?

Wijdan akaitazama barua. Ilikuwa imelowa damu ya Karrar pembeni, lakini mwandiko wake ulisomeka. Ndani ya barua ile walikuwamo watoto wote ambao hawajazaliwa, wa mwaka huu, wa mwaka ujao, hata wajukuu wa Rihab. Na kwenye simu walikuwamo wanne. Mama wa mmoja hakuwa na miaka kumi na saba, alimfumia mwanawe kofia inayomzidi kichwa mara mbili.

Akaiweka barua chini.

"Mitungi," akasema. "Sasa hivi."

"Kunywa kahawa yako. Haja yako imetimia."

Akanywa. Ilikuwa imepoa, chungu mno. Akakitikisa kikombe kuonyesha ametosheka, na machozi yakamwangukia mkononi.

Wazee wakashusha pumzi. Sheikh akaanza kuinuka.

"Changu bado kiko chini," ikatoka sauti.

Hachim alikuwa amejikokota mpaka kwenye nguzo yake. Mdomo haukuwa na umbo tena. Kikombe chake, msomaji wangu, kilikuwa kimepona vurugu yote ile, kimejaa, hakikupoteza hata tone.

"Wewe uliomba nesi," Sheikh akamwambia.

"Niliomba, hukunijibu. Haja isiyojibiwa mwenyewe anaruhusiwa kuibadilisha."

Sheikh akamtazama yule mzee wa viatu. Mzee akatikisa kichwa kukubali: ndivyo ilivyo, tangu babu zao.

"Naomba uisaini barua yake."

Mzee alikuwa na kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi, anangoja. Sheikh Sayhud akatoa kalamu. Akasaini. Akaagiza muhuri, ukaletwa, akaugonga kwa nguvu kana kwamba anaua nge.

"Kunywa," akasema. "Haja yako imetimia."

Hachim akanywa. Damu ya mdomo wake ilichuruzika ndani ya kikombe, akainywa nayo. Akaikunja barua, akaitia kwenye mfuko wa shati, juu ya moyo.

"Nitakupa tukifika," akamwambia Wijdan. Hakumtazama.

Mama Sabah alibaki kumkalia Karrar. "Nenda, mwanangu," akasema. "Huyu simwachi mpaka aseme shikamoo."

Mabwawa yako nyuma ya shamba la mitende, mwendo wa dakika chache. Joto la mwezi wa nane, lile linaloivisha tende mtini, lilikuwa bado halijavunjika. Mitungi ilisimama safu moja ukingoni, vifaranga vyekundu vyote vimetazama majini. Hachim alifunga koki, Wijdan akachomoa mipira. Wakapakia mitungi tisa iliyojaa kwenye lori, bega kwa bega.

Nyuma yao samaki wakaanza kuja juu. Mmoja, kumi, mamia. Midomo wazi, inafunga, inafungua, inatafuta hewa. Wijdan aligeuza uso. Midomo ile alikuwa ameshaiona.

Walipoondoka, gari jeupe lilikuwa limeegeshwa mbele yao, kwenye kona ya tuta.

Luay hakuonya. Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha mbele, ya pili ikapiga kitu kwenye bodi ya lori kikalia kama kengele, ya tatu ikaingia kwa Hachim, juu ya mfupa wa bega, karibu na shingo. Hachim akakanyaga mafuta. Lori likaligonga lile gari jeupe ubavuni, likalisukuma mpaka gurudumu lake moja la nyuma likaning'inia juu ya maji, likapita.

Damu ilikuwa inaruka kwa mapigo, inapiga dari.

Wijdan akapanda kwa magoti kwenye kiti, akatia kidole. Safari hii mshipa ulikuwa chini ya mfupa, mahali ambapo kamba haifungiki. Akakandamiza. Aliusikia mshipa ukipigapiga kwenye ncha ya kidole chake kama ndege aliyeshikwa.

"Nilitoka nyumbani nikuue," Hachim akasema.

"Najua. Endesha."

"Walilia?"

Alifikiri amdanganye. "Wa kwanza hakulia. Wa pili alinishika kidole."

"Kipi?"

"Hikihiki."

Hachim aliendesha, macho barabarani, mpaka hospitali.

Uani hapakuwa na mtu. Kiti cha mlinzi kilikuwa kitupu, tangu siku ya taya. Chumba cha daktari kilikuwa na kufuli. Akina mama waliokuwa kibarazani, walipoliona tu lile lori, walikusanya mikeka yao wakakimbia. Wijdan aliita. Aliita tena. Hakutoka mtu. Wote walimkimbia Hachim, na Hachim ndiye aliyewafukuza.

Dirishani Rusul alionekana na mpira wa mkono, anapuliza mtoto mmoja huku anamtazama mwingine.

"Mwisho!" akapiga kelele. "Dada Wijdan, mtungi umekwisha!"

Wijdan akatazama mlango wa wodi. Akatazama kidole chake. Akikitoa, huyu anakufa. Asipokitoa, nani atafunga geji, nani atagawa mipira minne? Rusul ana miezi miwili kazini.

Hachim akaushika mkono wake. Akautoa yeye mwenyewe, taratibu, akatia kidole chake mahali pale.

"Kinatosha," akasema. "Nitapiga honi. Ukisikia honi, ujue bado nipo. Nenda kwa watoto."

Akaenda. Mtungi wa kwanza aliubingirisha kwa kitako chake, kama ngoma, kwenye mteremko wa saruji mpaka ndani. Nyuma yake honi ya lori ikalia, ile ya kukwaruza, kama punda mwenye mafua. Akatia spana. Akafunga geji. Akafungua koki, na ile sauti aliyoililia wiki mbili, sauti ya hewa, ikapita kwenye mpira.

Mtoto wa kwanza alikuwa wa bluu kama wino. Honi ikalia. Akawa wa kijivu. Honi ikalia. Akawa wa waridi.

Wa pili. Honi ikalia, fupi.

Wa tatu, mwenye kofia kubwa. Wijdan alimsugua mgongo kwa vidole viwili, akamwita kwa majina yote mazuri anayomwita Rihab. Kifua kidogo kikanyanyuka. Kwa mbali, honi ikakwaruza mara moja, dhaifu, kama mtu anayeiegemea kwa kipaji cha uso.

Wa nne akavuta hewa, akakunja uso, akalia kwa hasira ya mtu aliyecheleweshewa chakula. Rusul akaanguka kitini, akalia naye.

Wijdan akainua mkono anyamaze. Alikuwa anasikiliza.

Kimya. Hewa ikipita kwenye mipira minne. Nzi kwenye kioo. Kimya.

Akaanza kuelekea mlangoni, spana bado mkononi. Na hapo honi ikalia, ndefu, yenye nguvu. Alhamdulillahi, akasema, akaegemea ukuta.

Ikalia tena.

Safari hii aliisikia vizuri. Haikukwaruza. Ilikuwa laini, ya gari la bei, na gari lenyewe, jeupe, lilisimama uani ubavuni mwa lori ambamo Hachim alikuwa amelala kimya, na barua yenye muhuri juu ya moyo wake.